Mhariri, waambie wasomaji waweke wembe chini

Ndugu Mhariri,

Pole na kazi na hongera kwa gazeti. Mi ni msomaji wa siku nyingi wa ukurasa huu wa barua, huwa nasoma nacheka napita, lakini ile picha mliyotoa juzi ya kijana ameshika yai la chatu mkono huu na wembe mkono huu, alafu maelezo yenu yakasema ameokoa watoto wa nyoka waliokwama kwenye mayai, hiyo imenishinda kunyamaza. Nafanya kazi kwenye bustani ya nyoka huku pwani ya Kenya, kulisha, kusafisha vizimba, kueleza wageni, na msimu wa mayai ukifika mimi ndo nalala na wasiwasi wa inkubeta, ile mashine ya kutunza joto la mayai.

Kabla sijalaumu, huyo kijana apewe haki yake. Mayai ya chatu yakipatikana shambani huku kwetu mara nyingi stori inaishia kwa mawe na mafuta ya taa, sasa mtu amekuta mayai akafikiria kuwasaidia waliomo ndani, huyo ana roho ambayo wengi hatuna. Shida yangu ni msaada wenyewe. Nimeikuza ile picha kwenye simu nikaiangalia vizuri, mayai karibu yote yalikuwa yashapasuliwa kutoka ndani, ile mikato ya kunyooka ambayo mtoto hukata mwenyewe, na kwenye mayai mawili matatu kuna pua inachungulia kabisa, sasa hao wamekwama wapi jamani? Hao walikuwa wanatoka, wakatolewa kabla hawajamaliza.

Wacha nieleze inavyokwenda manake najua wengi hawajawahi kuona. Ganda la yai la nyoka si la kuvunjika ka la kuku, ni laini, ukilibonyeza linabonyea, na linakunywa maji kutoka kwenye udongo au majani yaliyolizunguka ndo maana yai hunenepa kadri siku zinavyoenda, alafu zile siku za mwisho mwisho linaanza kujikunja na kutoa kijasho. Mtoto akiwa tayari ana kijino kidogo sana mbele kwenye taya la juu, jino kweli si kile kinundu kilicho kwenye mdomo wa kifaranga, analikwaruzia ganda huku anatingisha kichwa mpaka lipasuke, wengine wanapasua mara moja, wengine mara nne tano mpaka ganda zima lina mistari. Hilo jino linadondoka lenyewe siku chache baada ya kutoka. Akishapasua anatoa pua, kipovu cha ute kinaning'inia hapo puani, ulimi unatoka unarudi, na ukifungua mlango wa inkubeta kwa kishindo anarudi ndani kabisa humuoni tena. Alafu anakaa. Anakaa saa 24, mwingine 48, wako wanaoingia mpaka siku ya tatu, na hapo ndipo mtu mwenye huruma anashikwa na presha, anaona mtoto amechoka, amekwama, atakufa, anatafuta wembe.

Hajachoka. Kuna mambo mawili anayamalizia mle ndani. La kwanza ni pumzi. Muda wote aliokuwa kwenye yai hakutumia mapafu, hewa ilikuwa inapenya kwenye ganda inachukuliwa na mishipa ya damu iliyotandaa upande wa ndani wa ganda lenyewe, sasa ndo anaanza kuvuta hewa kwa pua huku ile mishipa bado inamsaidia, na polepole inasinyaa. Ukichana ganda ovyo wakati huo, au ukamshika kichwa ukamvuta, ile damu unayoiona kwenye vidole vyako ni damu yake yeye, na kitoto cha nyoka hakina damu nyingi ya kumwaga. La pili ni kiini. Kile cha njano kilichobaki kinaingia tumboni kwake kupitia kitovu, na hicho ndo chakula chake mpaka ajivue gamba mara ya kwanza, kama wiki moja hivi au mbili, ndo maana mtoto wa nyoka aliyetoka leo hata ukimwekea panya mdogo hana habari naye. Ukimtoa kiini kikiwa nje umemnyang'anya posho yake ya kuanzia maisha, na pale kitovuni umeacha mlango wazi wa vijidudu. Huyo unaweza kumpiga picha akiwa hai, gazeti likatoka, na wiki ya pili amekufa tumbo limevimba na hakuna wa kuja kupiga picha ya pili.

Sasa kwa nini watu wanafanya hivi? Mi naona tumezoea kuku. Huku kila mtaa kuna mtu ana mashine ya kutotoa vifaranga, na akiletewa mayai ya nyoka anasema si mayai tu, weka humo. Hapo tayari ameshawaua wengi hata kabla ya wembe, kwa sababu ile mashine inageuza mayai yenyewe kila baada ya muda, na yai la kuku linataka kugeuzwa, lakini la nyoka ndani ya siku moja mbili baada ya kutagwa kiinitete kinajishikiza upande wa juu wa ganda na hapo ndo kitakaa mpaka mwisho, ukiligeuza juu chini kinaweza kukatika mishipa au kuzama kwenye kiini chake chenyewe. Sisi yai likishatagwa tunalitia alama ya penseli juu na halisogei, likihamishwa linahamishwa alama ikiangalia juu hivyohivyo. Na mayai ya chatu yakiwa yameshikana kwenye lundo msiyabandue, yaacheni lundo. Joto nalo si la kukisia, nyuzi 31 au 32 hivi kwa mayai ya chatu, stima ikipotea usiku ikapoa kidogo kwa saa chache mara nyingi wanavumilia, lakini thamostati, kile kidude cha kudhibiti joto, ikiharibika ikapanda juu 35 na kuendelea hapo hutoi watoto, unatoa vilema au hutoi kitu.

Na kwenye pori hakuna anayewapasulia. Profesa mmoja wa chuo cha Wits kule Afrika Kusini, Graham Alexander, aliwafuatilia chatu wa kusini mwa Afrika kwa miaka 7, ni aina hiyohiyo inayofika mpaka Tanzania na Kenya, na matokeo yake yalitoka 2018. Wale majike wanataga kwenye mashimo ya mhanga, wanayazungukia mayai, wanatoka mlangoni kuota jua mpaka mwili unafika karibu nyuzi 40 alafu wanarudi chini kuyapelekea mayai lile joto, tena ngozi yao inageuka nyeusi kipindi hicho ili ishike joto haraka. Hawali miezi na miezi. Watoto wakitoka mama anabaki nao karibu wiki mbili, usiku wanalala kwenye mikunjo yake. Mnyama anayejitesa hivyo kwa ajili ya mayai hapasui hata moja, yeye kazi yake ni joto tu. Mi hii habari nikiwaeleza wageni wa bustani wengi hawaamini, wanasema nyoka ana mapenzi wapi.

Haya, nisije nikaonekana nasema usiguse kamwe, sivyo, wanaokwama wapo kweli na tunawasaidia. Ila inatakiwa ujue unachoangalia.

Wa kwanza ni yule ambaye hajapasua kabisa. Mayai ya mama mmoja yanapishana, leo matatu, kesho kumi, lakini wenzake wote washatoka na siku mbili zimepita na hilo moja limekaa kimya. Tunazima taa tunalimulika kwa tochi. Kama limenuka, limegeuka rangi na halina mshipa hata mmoja, hilo ni viza na hakuna wa kuokoa. Kama kuna mishipa myekundu au kivuli kinatikisika, tunamfungulia dirisha. Namaanisha dirisha si mlango, unachukua makasi madogo ya kucha yenye ncha butu uliyoyachemsha, unafinya kimkunjo cha ganda pale juu kabisa ambapo limebonyea na kuacha nafasi, unakinyanyua kisishikane na kilichomo ndani, unakata sehemu ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, ukikutana na mshipa unasimama unahamia pengine. Ukimuona anatikisika umemaliza kazi. Unafunika pale na kitishu chenye unyevu, unarudisha yai vilevile lilivyokuwa, unaondoka, na kesho yake mara nyingi unakuta pua kwenye hilo dirisha lako au pengine amepasua kwake mwenyewe upande mwingine, dirisha lako hana haja nalo.

Wa pili ni aliyekaukiwa. Huyu ndo tunakutana naye sana, na kosa huwa la sisi binadamu, unyevu kwenye kontena umeisha, yule mtoto ameshatoa kichwa na shingo, alafu ute umekauka ukawa gundi na ganda limemshika mbavuni. Anajisukuma hatoki. Hapa vuta nikuvute ni marufuku kwa sababu ngozi ya kitoto inachunika pamoja na ganda, utaona kipande chekundu pale magamba yalipokuwa. Dawa ni maji ya uvuguvugu, pamba, na subira, unalowesha pale paliposhikana tu, unaacha dakika kadhaa, unalowesha tena, maji yasiingie puani kwake, na pamba ikishalainisha ganda linaachia lenyewe bila wewe kushika kichwa cha mtu. Inaweza kukuchukua asubuhi nzima kwa mtoto mmoja. Huyo kijana wenu angekutwa anafanya hivi ningemtumia hata soda.

Alafu kuna aliyetoka mapema na kiini kinaburuta nyuma. Usikate, usikirudishe ndani kwa kidole, na usimweke juu ya mchanga wala maranda ya mbao manake vinagandamana nacho. Tunamweka kwenye kontena safi peke yake, chini tishu iliyoloweshwa maji safi, giza, joto lilelile la inkubeta, basi. Kikiwa kidogo kinaingia chote au kinakauka na kukatika chenyewe siku moja mbili tatu. Kikiwa kikubwa au kimepasuka hapo ni daktari wa wanyama, anafunga kwa uzi safi karibu na tumbo na kupaka ayodini, na hata yeye haahidi kitu.

Kitovu kujizungusha mwilini ndo kibaya zaidi kwangu. Kuna mmoja tulikuwa naye, mtoto wa chatu, aligeukageuka ndani ya yai mpaka ile kamba ya kitovu ikamzunguka kiunoni mara mbili na kumkaba, kuanzia hapo kwenda mkiani amekuwa mwembamba na rangi imefifia, na kila akijisukuma atoke ndo anazidi kujikaza. Huyo ukingoja anakufa na ukikata haraka anamwaga damu anakufa. Daktari alifunga uzi sehemu mbili akakata katikati, mimi nilishika tochi tu na mikono ilikuwa inatetemeka. Alipona, mkia haukupata kunyooka sawasawa mpaka leo lakini anakula vizuri kuliko ndugu zake. Sasa niambie Mhariri, hiyo kazi unaifanya na wembe wa kunyolea, juani, watu wamekuzunguka wanarekodi?

Wako pia wa kuachwa. Waliopinda uti wa mgongo, macho hayapo, taya halifungi, mara nyingi ni joto lilipanda. Kuna wafugaji wanawalisha kwa mrija kwa miezi wapate kusema wameokoa, mi sikubaliani nao, lakini hayo ni maoni yangu.

Watu wananiambia mbona kwenye video za wazungu wanakata mayai yote na watoto wazima. Ni kweli wanakata. Wale wanaowafuga wale chatu wadogo asili yake Afrika Magharibi, kama Ghana, Togo na Benin, wanaojikunja wakawa duara wakiogopa, mayai yao yanachukua kama siku 55 mpaka 60, na wafugaji wengi Marekani wanayafungua siku chache kabla. Lakini angalieni kwa nini. Kule chatu anauzwa kwa rangi, rangi adimu ina pesa ndefu, kwa hivyo mwenye mayai anatamani kuchungulia ajue kama kaukata, na hata wao kwa wao wanabishana, wengine wanasema asiyeweza kujipasulia huenda ana udhaifu ambao ingefaa ujulikane mapema. Na ukitazama video vizuri hata huyo anayekata anakata kidirisha alafu anafunga kontena anamuacha mtoto atoke kwa wakati wake. Sehemu ya kungoja inakatwa kwenye video kwa sababu haina utamu, nyie mnaona makasi mnaona mtoto, mnafikiri ni dakika mbili.

Jambo lingine, na hili kwangu lingekuwa kichwa cha habari. Yule kijana alijuaje ni ya chatu? Mayai makubwa kuliko ya kuku yaliyoshikana lundo sawa, chatu, tena ana bahati mama hakuwepo. Lakini mayai laini marefumarefu kwenye kichuguu yanaweza kuwa ya kenge, yanaweza kuwa ya koboko, yanaweza kuwa ya swila, na watoto wa koboko na swila wanatoka na sumu tayari, hawangoji kukua. Huku kwetu kuna yule swila mkubwa anayetema, alitambuliwa rasmi kama aina yake pekee 2007 na akapewa jina la marehemu James Ashe aliyeanzisha Bio-Ken, ile bustani ya nyoka pale Watamu. Mtoto wa swila anayetema anaweza kutema akiwa hata hajamaliza kutoka kwenye ganda. Sasa wewe umeinamisha uso juu ya mpasuko uone kama amekwama. Ikitokea ni maji mengi safi kwenye jicho hapohapo, mengi kweli, usisugue, usiweke maziwa wala dawa ya kienyeji, na hospitali. Na akiuma hata awe na urefu wa rula ni hospitali tu, hakuna cha ni mtoto.

Kifutu yeye hata hatagi, anazaa, watoto wanatoka kwenye kiutando chembamba wanakipasua wenyewe, na wengi, kuna jike mmoja asili yake Kenya alizaa 156 kwa mkupuo kwenye bustani ya wanyama huko Czech, sijui nani alikaa kuwahesabu. Kwa hivyo mkikuta vitoto vingi vya kifutu na hakuna maganda msianze kuyatafuta mayai kwa mikono.

Na sheria ipo. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 hairuhusu mtu kukaa na mnyama wa porini au kumfuga bila kibali, na chatu yuko pia kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini, kwa hivyo hata ukiwa na nia njema kama ya malaika ukipeleka mayai nyumbani ukayaweka chini ya balbu uko upande mbaya. Mayai mkiyakuta yaacheni, ondoeni watoto na mbwa, pigeni simu KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, au bustani ya nyoka iliyo karibu, na kama lazima yahamishwe kwa sababu trekta linakuja basi anayekuja ndo atayatia alama na kuyabeba.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Mkitoa picha kama ile tena msipigie makofi kabla hamjauliza mtu, na kama nafasi ipo ukurasa huohuo, tafadhali rudini kwa huyo kijana mumuulize wale watoto wangapi wamefika gamba la kwanza. Kama kuna waliobaki hai na hawajui cha kufanya nao, namba yangu mnayo hapo kwenye bahasha, mpeni, nitamwendea mwenyewe na simpigii kelele.

Ni mimi msomaji wako,
Mtunza nyoka, Kaunti ya Kilifi